Kununua Kayaki Yako Mwenyewe na Kuitumia



Muhula uliopita wenzangu wengi walinisimamisha njiani na kuniuliza juu ya chombo kile cha manjano kilicholazwa nyuma ya karakana ya useremala. Maswali yao yalikuwa matatu: Kitu hiki ni nini? Bei yake kiasi gani? Je, na mimi naweza kununua changu? Nimeona heri niyajibu yote kwa pamoja katika gazeti letu, maana swali la tatu si jepesi, na akijibiwa mtu vibaya anaweza kupoteza fedha yake, au hata roho yake.

Kitu chenyewe huitwa kayaki. Asili yake ni nchi za baridi kali huko kaskazini, Greenland na Kanada na Alaska, ambako Wainuiti waliitumia kuwindia sili baharini. Wao waliunda mifupa ya chombo kwa mbao zilizoletwa ufukoni na mawimbi, wakaifunika kwa ngozi ya sili iliyoshonwa isipitishe maji. Jina pia ni lao, kwani wao husema “qajaq”. Tofauti yake na mtumbwi wetu ni hii: katika mtumbwi mpiga kafi huketi juu ya ubao au hupiga magoti au husimama, naye hutumia kafi lenye bapa moja. Katika kayaki mtu huketi chini kabisa, miguu imenyooshwa mbele, na kafi lake lina mabapa mawili, moja kila upande.

Lakini tusidhani kwamba vyombo hivi viwili ni wageni kabisa. Mwaka 1955 daktari mmoja Mjerumani, Hannes Lindemann, aliivuka Bahari ya Atlantiki katika mtumbwi wa gogo uliotengenezwa Liberia. Mwaka 1956 akaivuka tena, safari hii katika kayaki ya kukunjwa, akisaidiwa na tanga dogo, akakaa majini siku 72. Njiani kayaki yake ilipinduka, naye akaishikilia mpaka alipoweza kuiinua. Naomba mwanafunzi asiyetaka kusoma zaidi aikumbuke habari hiyo moja: chombo kilipinduka, naye hakukiacha.

Kayaki za siku hizi zilizo rahisi hutengenezwa kwa plastiki. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu huzungushwa katika joto mpaka unga uyeyuke na kugandamana pande zote. Kazi hiyo ilianza kutumiwa kwa kayaki katika miaka ya 1970. Si jambo geni kwetu: yale matangi makubwa meusi ya maji yaliyo kando ya bweni yametengenezwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu kayaki hustahimili kugongwa na mawe, na ndiyo sababu bei yake ni ndogo kuliko ya chombo cha mbao kilichoundwa na fundi hodari.

Sasa nieleze namna za kayaki, kwani hapo ndipo wengi hukosea. Sisi wenyewe tulikuwa karibu kukosea. Kwetu Jinja, panapotoka Mto Nile katika Ziwa Viktoria, kayaki za zamani huuzwa mara kwa mara, kwa kuwa wageni wengi huja kucheza katika maporomoko ya mto. Kayaki ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ndogo, nzuri, tena rahisi. Rafiki yangu alipoiingia na kupiga kafi mara tatu, ilizunguka kama beseni. Akapiga upande wa pili, ikazunguka kinyume. Yule aliyekuwa akiiuza alicheka, akatuambia kweli yote: hiyo ilikuwa kayaki ya maporomoko. Urefu wake haufiki mita 3, na chini imejikunja mbele na nyuma kusudi igeuke upesi kati ya mawe. Ziwani ni adhabu.

Kuna namna ya pili, ya safari ndefu za baharini. Hiyo huwa na urefu wa mita 5 hivi na upana wa sentimeta 55 mpaka 60. Huenda mbio, tena hunyooka, lakini hutaka mtu aliyefundishwa, na bei yake ni kubwa. Namna ya tatu ndiyo inayotufaa sisi: kayaki ya kujifurahisha katika maji yaliyotulia. Urefu wake ni karibu mita 3, upana wake sentimeta 70 na zaidi, na uzito wake huwa kilo 20 au zaidi kidogo. Kwa kuwa ni pana, haiyumbi sana. Kwa kuwa ni fupi, haiendi mbio. Huwezi kupata yote mawili kwa bei ya mwanafunzi, na anayeanza yafaa achague utulivu.

Tena hizo za kujifurahisha zimegawanyika mara mbili. Moja ina tundu ambamo mtu huingiza miguu na kiuno. Nyingine imezibwa kabisa, na mtu huketi juu yake kama juu ya ubao wenye kiti. Ina vitundu vilivyopenya mpaka chini ili maji yanayoingia juu yatoke yenyewe. Ile ya kuketi juu ikipinduka, huigeuza tu ukapanda tena. Ile ya tundu ikipinduka hujaa maji. Kama mngeniuliza leo ipi nzuri kwa mtu anayejifunza, ningesema ya kuketi juu, bila kusita. Lakini mwenye fedha kidogo hununua kilichopo, na kilichokuwapo kwetu ni cha tundu. Nitaeleza baadaye tulivyokitengeneza.

Kabla ya kununua kayaki iliyokwisha kutumika, ichunguze kama mzee achunguzavyo ng'ombe wa mahari. Kwanza, ipindue utazame tumbo lake, hasa karibu na mkia, maana watu wavivu huiburuta na plastiki ya hapo huisha. Bonyeza kwa kidole gumba. Mahali palipokuwa pembamba patabonyea kuliko pengine. Pili, tazama rangi. Plastiki iliyoachwa juani miaka mingi hupauka, ikawa kama imepakwa chaki, nayo huvunjika upesi. Tatu, tafuta nyufa kuzunguka kiti, vishikio, na vile vitundu vya kutolea maji. Ufa wa plastiki hii haushikwi vema na gundi za kawaida. Hutaka kuyeyushwa na kuzibwa kwa plastiki ya namna ile ile, na fundi wa kazi hiyo si kila mtu. Nne, mimina maji ndani, uinue upande mmoja kisha wa pili, uone kama yanavuja. Tano, uliza uzito inaoweza kubeba. Mara nyingi umeandikwa kwenye kibandiko. Usiujaze wote, ukibeba theluthi mbili zake utakaa vizuri juu ya maji. Mwisho, iingie mwenyewe. Kama magoti hayapati nafasi au mgongo unauma baada ya dakika kumi, fedha yako si ya kayaki hiyo.

Sasa nije kwenye bei. Sisi tulikuwa watatu, sote wa kidato cha sita, na kila mmoja alikuwa na shilingi 200,000, alizozipata likizoni kwa kubeba matofali na kuuza mahindi mabichi. Jumla ni shilingi 600,000. Kayaki tuliyoipenda, pamoja na kafi lake, iliuzwa shilingi 600,000 kamili. Tuliona kwamba Mungu mwenyewe amepanga hesabu. Tukaenda kwa mjomba wangu, ambaye amevua sangara na dagaa kwa zaidi ya miaka thelathini, atusaidie kuisafirisha kwa gari lake.

Mjomba alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Wanangu, majaketi mangapi?” Tukasema, “Mjomba, tutanunua baadaye.” Akasema, “Na ziwa nalo mmeliambia lingoje mpaka baadaye?” Akatuhesabia kwa vidole majina ya watu wa mwalo wake waliokufa maji. Vidole vya mikono miwili vikaisha, naye alikuwa bado anakumbuka. Wengi wao walikuwa wavuvi tangu utoto, na hawakujua kuogelea. Akakataa kutupa gari. Tulirudi shuleni tumenuna, hata mmoja wetu akasema mzee ana wivu.

Walakini, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulingoja muhula mzima. Tuliporudi kayaki ilikuwa ingali pale, na mwenyewe alikuwa karibu kurudi kwao, basi akakubali shilingi 450,000. Majaketi mawili ya kuokolea maisha tuliyapata kwa shilingi 140,000. Shilingi 10,000 zilizobaki tukanunua kamba na filimbi. Fedha ikaisha yote, lakini mara hii ilikwisha vizuri. Ndugu msomaji, hesabu hiyo ndiyo kiini cha habari yangu yote. Bei ya kayaki si bei ya plastiki. Bei ya kayaki ni plastiki, na kafi, na jaketi, na kamba, na filimbi, pamoja na siku za kujifunza. Kama fedha yako inatosha plastiki peke yake, basi bado haijatosha.

Wengine huuliza kama jaketi ni lazima kwa mtu anayejua kuogelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1 wa 2021 peke yake watu 300,000 hivi walikufa maji duniani. Mwili wa mtu majini ni karibu sawa na uzito wa maji yenyewe, basi hauhitaji nguvu kubwa kuushikilia juu. Majaketi mengi ya kayaki yameandikwa 50N. Maana yake huinua kwa nguvu ya nyutoni 50, yaani kama kilo 5, na hiyo yatosha kuweka pua juu ya maji kwa mtu anayejua kuogelea aliye karibu na ufuko. Asiyejua kuogelea atafute lililoandikwa 100N au zaidi, na heri kwanza ajifunze kuogelea. Mtu aliyegongwa kichwa, au aliyechoka, au aliyeshikwa na kakakaka ya misuli, hajui tena kuogelea hata kama jana alikuwa bingwa.

Usinunue jaketi kwa kulitazama tu. Livae, funga vifungo vyote, inua mikono juu, kisha mwenzako avute mabega yake kwenda juu kwa nguvu. Likipita kidevu, ni kubwa mno. Halafu lijaribu katika maji yanayofika kifuani kabla ya kuliamini penye kina. Na jaketi lililowekwa chini ya kiti si jaketi. Ni mto wa kukalia.

Sasa niwaambie tulivyoitengeneza kayaki yetu ya tundu. Siku ya kwanza Mjomba alitupeleka katika ghuba yenye maji ya kufika kiunoni, akatuamuru tuipindue kabla hatujapiga kafi hata mara moja. Tukaipindua. Ikajaa mpaka ukingoni, ikalala juu ya maji kama jani lililolowa, na tulipoiegemea ikashuka. Plastiki yenyewe ni nyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo haiendi chini kama jiwe, lakini haina nguvu ya kumbeba mtu. Tukaivuta ufukoni na kuteka maji yale kwa ndoo ya lita 20. Yalitoka ndoo 11, yaani lita 220. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tulikuwa tukivuta kilo 220 zaidi ya uzito wa chombo. Tafakarini kufanya hivyo katikati ya ziwa, katika mawimbi, peke yako.

Kayaki za bei kubwa zina kuta ndani, mbele na nyuma, ambazo huzuia maji na kuacha hewa. Yetu haikuwa nazo. Hapo ndipo somo la fizikia lilipotufaa, maana Arkimede alisema kitu huinuliwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Tulichukua jerikani nne za lita 20, tukaziba vifuniko vizuri, mbili tukazisukuma mbele ya miguu na mbili nyuma ya kiti, tukazifunga kwa kamba zisiweze kutoka wala kusogea. Tukaipindua tena. Safari hii zilitoka ndoo 7 tu, na kayaki iliyojaa ilitubeba wawili tukiishika ubavuni. Jerikani nne za zamani tulizipata bure jikoni kwa wapishi. Angalieni lakini: jerikani isiyofungwa ni hatari kuliko kukosa jerikani, kwa sababu itaruka nje wakati unapoihitaji, au itabana miguu yako.

Baada ya hayo ndipo tulipojifunza kuanguka. Msicheke. Mtu asiyejua kutoka katika kayaki iliyopinduka hufadhaika, na kufadhaika ndiko kunakoua. Namna yake ni hii. Unapokuwa kichwa chini, usipigane. Weka mikono miwili kwenye ukingo wa tundu karibu na kiuno, vuta magoti pamoja, sukuma, na mwili utateleza kutoka kama mguu unaotoka katika kiatu kikubwa. Ukishatoka, shika kayaki kwa mkono mmoja na kafi kwa mkono wa pili. Usiiache kayaki ili uogelee kwenda pwani, hata kama pwani inaonekana karibu. Juu ya maji macho hudanganya, na mtu aliyeshika chombo cha manjano huonekana mbali, lakini kichwa cha mtu peke yake hakionekani. Kila mmoja wetu alifanya zoezi hilo mara kumi penye maji ya kiunoni, na mwenzake amesimama kando yake. Mara ya kwanza nilikunywa maji. Mara ya kumi nilikuwa nacheka.

Kupiga kafi si kazi ya mikono, kama watu wanavyodhani. Kafi la mtu wa kimo chetu kwa kayaki pana lafaa liwe na sentimeta 220 mpaka 240. Liweke juu ya kichwa, shika mahali ambapo viwiko vitafanya pembe mraba. Hapo ndipo pa kushikia. Usilikamate kwa nguvu kama jembe, maana malengelenge yatatoka kabla ya saa moja. Tia bapa majini karibu na vidole vya miguu, vuta mpaka kiunoni, kisha litoe. Kiwiliwili na kigeuke pamoja na kafi, na miguu isukume vikanyagio, kwa sababu mgongo na tumbo vina nguvu kuliko mikono. Ukitaka kugeuka kushoto, piga upande wa kulia kwa duara pana mbali na chombo. Ukitaka kusimama, piga kinyume kidogo kidogo pande zote mbili. Usiegemee nje kuchukua kitu kilichoanguka. Isogeze kayaki mpaka kitu kiwe karibu na mkono.

Mwenye kayaki yampasa kujua upepo kuliko anavyojua kafi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na alasiri upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Usiku na alfajiri hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Huo wa pili ndio mwongo. Asubuhi maji ya ukingoni yametulia kama kioo, unaondoka kwa raha, upepo u mgongoni, nawe wajiona hodari. Unapotaka kurudi ndipo unapoona kwamba uhodari ule ulikuwa wa upepo. Kwa hiyo kanuni yetu ni kuanza safari kwa kuelekea upepo, ili nguvu zikipungua upepo huo huo uturudishe nyumbani. Kanuni ya pili ni kufuata ufuko, tusiende mbali kuliko mahali ambapo tunaweza kuivuta kayaki kwa kuogelea. Kanuni ya tatu: tukisikia ngurumo hata ya mbali, tunatoka. Ziwa letu ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani, na mtu juu ya maji ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Tena kuna mambo ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havisemi. Mahali Nile inapotoka ziwani pana mkondo, na chini yake kuna mabwawa ya umeme, la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 na la Bujagali lililofunguliwa mwaka 2012. Maji yaliyo nyuma ya bwawa huonekana ya upole, lakini yote yana safari ya kwenda kwenye mitambo. Usikaribie. Viboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri. Usipite kati ya kiboko na maji ya kina. Magugu maji yakisukumwa na upepo huweza kuziba ghuba uliyoingilia, basi tazama nyuma mara kwa mara. Na kichocho kipo. Konokono wanaokieneza hukaa penye nyasi na maji ya kina kifupi, hapo hapo tunapopandia. Tunachagua mahali pa mchanga pasipo majani, na kila mwaka tunakwenda zahanati kupimwa, maana dawa yake, prazikwanteli, hutibu vizuri.

Jambo jingine ni la sheria. Kayaki isichukuliwe kuwa chombo cha kuvulia. Mwaka 2017 askari jeshi walitumwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, na mitumbwi mingi midogo, isiyofika futi 28, ilikamatwa na kuchomwa moto. Kwa hiyo sisi hatuchukui wavu wala ndoana, na kabla ya siku ya kwanza tulikwenda kwa viongozi wa mwalo, tukawaonyesha chombo, tukaeleza sisi ni nani na tutapita wapi. Walifurahi kuulizwa. Mara moja mvuvi mmoja alipotuona tumekawia alikuja na mashine yake kututazama, na hakutudai hata senti.

Juu ya kuitunza sitasema mengi. Ichukueni watu wawili, msiiburute. Ikitoka majini ioshwe, ilazwe kwa ubavu kivulini, wala isiwekewe vitu juu yake, kwa sababu plastiki iliyokandamizwa katika joto hujikunja na hainyooki tena. Jerikani na kamba zikaguliwe kabla ya kila safari. Majaketi yaanikwe kivulini, maana jua hulegeza kitambaa.

Juu ya kumiliki chombo watatu nitasema kidogo, kwani ushirika wa mali umevunja urafiki mwingi. Tuliandika daftari. Kila anayetoka huandika siku, saa, mahali anapokwenda na saa ya kurudi. Ni lazima mwenzake mmoja akae ufukoni na jaketi la pili na filimbi. Asiyepata wa kukaa ufukoni, siku hiyo hatoki. Kanuni hiyo imetuudhi mara nyingi, hasa Jumamosi nzuri ambayo wenzangu wana mtihani. Katika miezi minane daftari lina safari 41. Tumepinduka mara 6 bila kukusudia, na mara zote 6 tulirudi kula chakula cha jioni.

Mwalimu Mkuu amesema kwamba wadogo wetu wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kufundishwa, kwa sharti moja: kila kichwa na jaketi lake. Sisi watatu tunamaliza mwaka huu, nasi tumekubaliana kuiacha kayaki hapa shuleni. Lakini majaketi ni mawili tu, na wadogo waliojiandikisha ni kumi na wanne.

Basi, wakubwa wetu mliosoma hapa, najua baadhi yenu mmesikia habari za kayaki yetu na mmeuliza kama mnaweza kutoa fedha ili inunuliwe ya pili. Tunawashukuru sana. Ombi letu ni kwamba msinunue ya pili. Nunueni majaketi. Kayaki moja yenye majaketi kumi na manne ni shule. Kayaki kumi na nne zenye majaketi mawili ni msiba unaongoja siku yake.

Na wewe mwenzangu uliyeniuliza kama unaweza kununua yako, jibu ni ndiyo, unaweza. Fanya kazi likizoni, tafuta wenzako wawili wanaoaminika, chagua chombo cha ziwani wala si cha maporomoko, kichunguze polepole. Na siku utakapokuwa na fedha kamili mkononi, uko njiani kwenda kulipa, jiulize kwanza swali la Mjomba: majaketi mangapi?